Mstari Uliokosekana kwenye Kidaftari

Imakulata alitazama simu kabla ya kugusa komeo, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo: kila sanduku linapofunguliwa, saa iandikwe. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne asubuhi, Ijumaa, tarehe 19 Juni. Akaandika kwenye daftari lake la karatasi, akachomeka kalamu kwenye nywele, akafungua.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Haikuwa ya kuoza. Ilikuwa harufu ya jikoni, ya sufuria ya mboga iliyofunikwa ikasahaulika mekoni. Trei zote nne za shayiri, ambazo Jumatano zilikuwa zimesimama wima, kijani kibichi, sasa zilikuwa zimelala chini. Aligusa jani moja. Likamnata kidoleni kama uzi uliolowa.

"Marko," aliita taratibu, maana Marko alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, anakunja blanketi lake. "Hebu njoo uone."

Marko akaja, akainama.

"Zimekufa," alisema.

"Zimeuawa," Imakulata akajibu, naye mwenyewe akashangaa kwa nini amechagua neno hilo.

Walikuwa kwenye stoo ya Mama Efrazia, kijijini Gendabi, mwendo wa saa nzima wa kupiga pedeli kufika Katesh. Nje, wingu lilikuwa limeukalia Mlima Hanang mabegani na baridi ilikuwa ya kukunja vidole. Saa nne asubuhi hiyo hiyo, mjini Katesh, yangefunguliwa maonyesho ya teknolojia ya kilimo cha ndani, kile kisichohitaji shamba. Wengine wangekuja na magari na mabango makubwa. Wao wanne waliamua kuja kwa baiskeli kutoka Dongobesh, siku mbili njiani, vumbi hadi kwenye nyusi, kwa sababu baiskeli ndiyo iliyokuwa hoja yao. Sanduku lao lilikuwa na ukubwa wa friji ndogo, kuta za bati zilizojazwa povu la kuzuia joto, na ndani yake shayiri iliota bila udongo hadi ikawa malisho ya ng'ombe kwa siku nane. Lilifungwa juu ya keria. Walitaka watu waone kwamba mfugaji anaweza kuhama na shamba lake. Safarini halikutakiwa kufunguliwa kamwe, unyevu usipotee. Pampu ndogo ya betri ilinyunyiza maji yenyewe.

Kwa Imakulata safari hii ilikuwa zaidi ya maonyesho. Tangu amalize chuo na kuajiriwa na mradi wa sanduku hilo, miezi saba ilikuwa imepita katika chumba cha kupanga Dongobesh, ambako Jumapili baada ya misa zilifuata saa nyingi bila mtu kumwita jina. Chai ya saa nne kwenye karakana ya mradi ndiyo iliyokuwa familia yake. Siku mbili hizi za kupanda na kushuka pamoja na wenzake, wakitaniana kwa pumzi zilizokatika, alikuwa ameanza kuamini kwamba naye ana watu.

Renatus, kiongozi wao, aliingia stoo na mswaki mdomoni. Alipoona trei aliutoa mswaki, akautia mfukoni na povu lake.

"Kidaftari kinasemaje?" aliuliza.

Kidaftari ndilo jina walilokipa kifaa kidogo chenye kioo, kilichofungwa ubavuni mwa sanduku. Kilitunza kumbukumbu ya joto. Wiki iliyopita, Jumapili moja ndefu, Imakulata alikiongezea swichi ya mlango, ili kila sanduku linapofunguliwa kiandike mstari wenye tarehe na saa. Renatus alibonyeza kitufe. Tangu Jumatano walipoondoka, mistari ilikuwa miwili:

18 – 02:10
19 – 00:34

"Tarehe kumi na nane, saa nane na dakika kumi usiku," Renatus alisoma. "Tulikuwa Gehandu, tumelala kwa katekista. Na joto hapo limeruka kutoka nyuzi kumi na saba hadi arobaini na tisa. Mtu kamwaga maji ya moto. Halafu leo, saa sita na dakika thelathini na nne usiku, amefungua tena. Kaja kuhakikisha kazi yake."

Hakumtazama Marko alipokuwa akisema hivyo, na kutomtazama huko kulisema yote. Gehandu, Marko alilala barazani kando ya baiskeli kwa kupenda mwenyewe. Hapa Gendabi alilala stoo, karibu na sanduku.

"Sema tu, kiongozi," Marko alisema. "Usizunguke."

"Mwezi wa tano kwenye kikao ulisemaje? Kwamba tukishayafungia malisho ndani ya sanduku, tutataka na ninyi wafugaji mfungiwe."

"Nilisema. Na kesho yake nikaja kazini saa moja, kama ninyi. Kwetu mtu anasema kitu ili kijibiwe. Hamkunijibu."

Marko alikuwa mtoto wa wafugaji wa tambarare ya Hanang, wa kwanza katika boma lao kumaliza chuo. Muda wake wa majaribio kazini ulikuwa unaisha tarehe 30. Na siku hiyo baba yake alikuwa njiani, kwa miguu, pamoja na wazee wenzake watatu, wanakwenda Katesh kuona shamba la mwanawe linalopanda baiskeli. Wote walijua habari hiyo, maana Marko aliirudia njia nzima akijifanya analalamika.

Renatus alitoa simu, akaanza kuandika ujumbe kwa ofisi ya mradi iliyoko Arusha.

"Ukiutuma huo," Imakulata alisema, "hafiki tarehe thelathini. Na baba yake atasimama pale Katesh aambiwe mwanao ni mharibifu."

"Nifanyeje, Ima? Namba si zimeandikwa na kifaa chako mwenyewe?"

"Nipe muda. Niulize kila mtu."

Renatus alitazama saa ya simu. "Saa tatu kamili natuma. Lazima tuwe tumeondoka."

Imakulata alianza na Marko, hapo hapo stoo.

"Usiku wa Gehandu ulisikia nini?"

"Mbwa. Na Babu Bona akikoroma hadi ukuta unatetemeka."

"Hakuna aliyepita barazani?"

"Nililala. Ukiniuliza kama ningeweza kufungua, ningeweza. Ukiniuliza nani alinishuhudia, hakuna. Mtu anayelala peke yake hana shahidi." Akafunga kamba ya blanketi. "Wewe unaishi peke yako. Ukisingiziwa jambo la usiku utamwita nani?"

Imakulata alitoka nje.

Mama Efrazia, shangazi yake Renatus, alikuwa jikoni anapuliza moto. Imakulata alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda.

"Mama, usiku huu umesikia mlango wa stoo ukifunguliwa?"

"Mlango ule? Bawaba zake zinalia kama mbuzi. Ukifunguliwa kuku wanaamka, nami naamka. Sijausikia."

"Lakini Marko alikuwa ndani tayari."

"Alikuwa ndani, ndiyo. Na alibaki humo humo."

"Kuna mtu alikuomba maji ya moto?"

"Usiku? Moto niliuzima saa mbili." Mama akafikiri. "Ni mzee wenu tu, jana mchana mlipofika. Chupa yake ya chai ilikuwa tupu, akaniomba nimjazie."

Mzee wao alikuwa Bonaventura, fundi wa karakana, ambaye vijana wote walimwita Babu Bona. Alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anapaka mnyororo wa baiskeli mafuta kwa unyoya wa kuku. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na tisa na magoti yake yalilalamika kuliko yeye. Sanduku lile alilijenga kwa mikono yake, na njia nzima alikataa mtu mwingine aendeshe baiskeli iliyolibeba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Umekula?"

Kila asubuhi alimuuliza hivyo. Kwa miezi saba hakuna mtu mwingine Dongobesh aliyemuuliza Imakulata kama amekula.

"Bado, babu. Umesikia Renatus anataka kufanya nini?"

"Nimesikia." Unyoya ukaendelea na kazi. "Mwambie amwache kijana. Aandike kwamba jua limezichoma."

"Jua halipenyi povu lile. Uliliweka wewe mwenyewe."

"Basi aandike kwamba ni ugonjwa."

"Ugonjwa wa nyuzi arobaini na tisa?"

Imakulata akabadilisha njia.

"Kidaftari nacho tukiamini? Kilikuwa kinasumbua."

"Ni betri tu ilikuwa imekwisha. Jumatano tukifunga mizigo kilizimika, nikakiwekea mpya. Kikauliza tarehe na saa, nikakiwekea, kikawaka. Ni kitu kizuri kile, kujua joto bila kufungua." Alikunjua mkono na kutazama saa yake ya mshale. "Mbili kasoro dakika tano. Huyu mama chai yake inaiva lini?"

Imakulata naye aliitupia jicho saa ile. Mshale mfupi ulikuwa karibu kugusa mbili. Hata marehemu babu yake aliweka yake hivyo hivyo, akisema hawezi kununua saa halafu aisome kinyume. Alitabasamu bila kutaka, akaondoka.

Alirudi stoo, akakaa chini sakafuni mbele ya sanduku. Marko alikuwa ametoka. Aliamua kufanya alivyofundishwa chuoni pale hesabu zinapogoma: weka kumbukumbu mbili kando kwa kando, usome polepole. Akafungua daftari lake la karatasi. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake, ulisema: *Ijumaa 19, sanduku limefunguliwa, 12:34 asubuhi, I.*

Akabonyeza kitufe cha kidaftari. Mistari miwili. Wa tarehe 18, na wa tarehe 19 saa sita usiku.

Alisoma mara ya pili, kisha ya tatu.

Mstari wake yeye ulikuwa wapi?

Alifungua sanduku asubuhi hii kwa mkono wake, mlango mzima, na swichi ilikuwa nzima. Kidaftari kilipaswa kuwa na mstari wa tatu. Labda hakikuandika. Au kiliandika, na mstari wenyewe ulikuwa huo wa pili. Dakika thelathini na nne. Dakika zilikuwa zile zile. Kilichopishana ni saa tu: saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, sita kamili.

Sita. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Jumatano waliondoka Dongobesh baada ya saa moja asubuhi. Babu Bona aliweka betri mpya, kifaa kikamuuliza saa, naye akatazama mkononi. Saa moja na dakika kadhaa. Akaandika moja. Angeandika nini kingine? Ilikuwa saa moja. Ni wao waliosoma, yeye na Renatus, ambao kila walipoona tarakimu kwenye kioo waliongeza sita bila kufikiri, wakaigeuza asubuhi kuwa usiku wa manane. Kidaftari hakikusema uongo hata kidogo. Kilisema saa ya nyumbani, nao wakaisikia kwa sikio la darasani.

Basi hakuna aliyefungua usiku wa leo. Na 02:10 ya tarehe 18 haikuwa saa nane usiku barazani Gehandu. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi, Alhamisi, asubuhi kweupe.

Alichukua simu, akafungua picha. Alhamisi asubuhi walikuwa wamekwishaondoka Gehandu. Kulikuwa na picha moja, imepigwa saa mbili na dakika kumi na tatu, kwenye mgahawa wa barabarani: Renatus ameshika nusu andazi, Marko amefumba macho kwa sababu ya moshi. Aliipiga ili awe na kitu cha kumtumia mtu, kisha hakumtumia mtu yeyote. Vijana wawili, chai mbili, na kikombe cha tatu kikiwa chake mwenyewe.

Wa nne hakuwepo. Wa nne alikuwa nyuma, nusu kilomita, na baiskeli yenye sanduku. "Tangulieni mkanywe chai," alikuwa amewaambia. "Pancha ni kitu cha dakika kumi." Alifika baada ya dakika arobaini. Na mtu yule ambaye asubuhi, mbele ya macho yao, alijaza chupa yake lita mbili za maji ya moto kwa katekista, ambaye siku zote alisema chai ya mgahawani ni maji ya kuoshea vyombo, alivuta benchi na kuagiza kikombe. Walimcheka. Imakulata ndiye aliyecheka zaidi.

Lilibaki jambo moja la kuhakikisha. Aliomba vijiko viwili kwa Mama Efrazia, akailaza baiskeli ya sanduku, ambalo lilikuwa limeshushwa sakafuni, akaingiza mpini wa kijiko chini ya tairi la nyuma, akalivua. Kazi hiyo alifundishwa na Babu Bona mwenyewe, uani karakana, mwezi wake wa kwanza kazini, siku aliyomkuta analia na kumwambia ni mafua. Akautoa mpira wa ndani, akaupitisha mikononi taratibu, inchi kwa inchi. Viraka vilikuwa vitatu, vyote vya zamani, kingo zake nyeusi kwa vumbi. Kiraka kipya hakikuwepo.

Alikaa pale na mpira mapajani. Ilikuwa saa mbili na dakika thelathini na tisa. Aliwaza kwamba angeweza kunyamaza. Angeweza kumwambia Renatus kifaa ni kibovu, namba zisiaminiwe, mambo yakaisha kwa utata, na kila mtu arudi Dongobesh na shaka yake moyoni. Babu Bona angeendelea kumuuliza kama amekula. Na Marko angeishi na utata huo, na watu wangemfungia milango usiku bila kumwambia kwa nini.

Akarudisha tairi, akajaza upepo, akasimama.

Saa tatu kasoro dakika kumi wote walikuwa stoo. Mama Efrazia alisimama mlangoni na birika. Renatus alikuwa na simu mkononi, Marko ameegemea gunia la mahindi, Babu Bona amekaa juu ya debe, kofia magotini.

"Kaka Renatus," Imakulata alisema, "naomba ufunge sanduku, halafu ulifungue tena."

Renatus akafunga, akafungua.

"Bonyeza kitufe. Umeona nini?"

"Kuna mstari mpya." Sauti ya Renatus ikapungua. "Tarehe kumi na tisa. 02:51."

"Ni saa nane usiku sasa hivi?"

Jua lilikuwa limeingia kwa mlango na kufika kwenye miguu ya Marko.

"Kidaftari kiliwekwa saa ya Kiswahili," aliendelea. "Mstari wa leo tuliosema ni wa usiku ni wangu, nilipofungua asubuhi. Upo kwenye daftari langu, dakika zile zile. Na ule wa jana ni wa saa mbili na dakika kumi asubuhi. Hii hapa picha ya dakika tatu baadaye. Wewe na Marko mko mgahawani."

Renatus alitazama picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha, polepole, wote wakageuka.

"Babu," Imakulata alisema. Akasogea hatua moja. "Babu, nimefungua tairi. Hakuna kiraka kipya."

Babu Bona alikuwa akizungusha kofia yake kwa ukingo, mzunguko mmoja, wa pili.

"Nilifungulia upepo tu," alisema. "Nilifikiri utatazama. Nilikufundisha vizuri."

"Ulikuwa wewe?" Renatus aliuliza. "Mzee, umelijenga wewe. Usiku na mchana ulikuwa juu ya sanduku hili."

"Ndiyo maana nilijua maji ya lita mbili yanatosha." Aliongea bila kuinua kichwa. "Ile barua ya Arusha uliyotusomea, Renatus. Kwamba tukifanya vizuri Katesh, karakana inahamia Arusha, vijana wote mnakwenda nayo. Ulisoma kwa furaha. Ukamaliza, ukaikunja. Kuhusu fundi haikusema kitu, nawe hukuona kwamba haikusema."

Renatus aliishusha simu.

"Mke wangu huu mwaka wa sita hayupo. Watoto wako Geita, wananipigia Krismasi. Nikiamka asubuhi nawaza: leo Marko atakuja na utani gani, Ima atakuwa amekula au hajala. Nikasema moyoni, mwaka mmoja tu. Shayiri ife safari hii, watasema sanduku bado, watatuacha tulipo mwaka mmoja. Nilidhani mtalaumu joto. Sikujua hicho kifaa kinahesabu na mlango."

"Na ulipojua?" Hilo aliuliza Marko, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Tangu saa moja unajua, babu. Umekaa hapo nyuma unapaka mnyororo mafuta. Baba yangu yuko njiani."

Mzee aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Niliogopa, mwanangu. Nilisema waandike jua. Nikaona nikisema langu, nimewapoteza ninyi nyote kwa asubuhi moja. Nikakutoa kafara wewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sina namna nyingine ya kuisema."

Mama Efrazia aliweka birika chini.

"Futa kwanza," Marko alimwambia Renatus.

"Nini?"

"Huo ujumbe wako. Ufute nikiona."

Renatus alisogea, akashika simu mahali wote wawili wangeiona, akafuta. Alitaka kusema samahani, ilionekana midomoni mwake, lakini Marko alikwishageuka. Babu Bona akaomba simu hiyo hiyo. Kwa sauti yake mwenyewe, akijitaja jina kamili na kazi yake, aliirekodia ofisi alichofanya, mahali na saa, na kwamba Marko hahusiki. Aliposema saa alisita, akatazama mkononi, akaongeza: "saa mbili ya asubuhi, ya kwetu." Kisha akatoa funguo za karakana, akamkabidhi Renatus.

"Nitarudi Dongobesh. Vifaa vyangu nitavichukua mkirudi."

"Utakula kwanza," Mama Efrazia alisema. "Dongobesh ni mbali, na leo hapa hafukuzwi mtu akiwa na njaa. Keti."

Akaketi.

Walikubaliana haraka kwamba watakwenda na trei kama zilivyo. Sanduku halikuwa na kosa. Wangeliweka wazi, wangeeleza, na wangeloweka shayiri mpya mbele ya watu. Swali lilikuwa nani aendeshe baiskeli ile nzito, na kabla halijaulizwa Marko alikuwa amekwishalisukuma sanduku nje, anakaza kamba za keria.

Imakulata alikwenda nyuma ya nyumba kuaga. Babu Bona alikuwa na kikombe mkononi, hajakinywa.

"Nenda, mjukuu. Utachelewa."

"Nitakuja Dongobesh, babu. Jumapili."

"Usiahidi kwa huruma." Kisha akasema, "Ukija, njoo mchana. Nitapika ugali."

Saa tatu na dakika kumi na mbili walishika barabara. Renatus alipiga pedeli mbele kwa mbali, peke yake, kichwa chini. Imakulata alimkuta Marko kwenye mteremko wa kwanza, akaendesha sambamba naye.

"Asante," Marko alisema hatimaye.

"Si kitu."

"Ulijua lini kwamba si mimi?"

"Nilipoona mstari wangu haupo."

"Na kabla ya hapo?"

Upepo wa mlima ulimpiga usoni. Angeweza kusema kwamba siku zote aliamini. Lilikuwa jibu zuri, na karibu alitoe. Lakini asubuhi nzima alikuwa amewauliza watu ukweli, mmoja baada ya mwingine, na ukweli huo ulimgharimu mmoja wao kila kitu.

"Kabla ya hapo sikujua," alisema. "Niliona unalala karibu na sanduku, nikawaza kwamba inawezekana. Nisamehe."

Marko alikaza mwendo, sanduku likiyumba mgongoni mwa baiskeli, akamwacha nyuma. Imakulata hakumfuata kwa kasi. Umbali ukakua hadi hatua hamsini, hadi mia. Barabara ya vumbi ilinyooka kuelekea mabati ya Katesh yaliyoanza kung'aa, na mahali fulani huko wazee wanne wenye fimbo walikuwa wanakaribia mji. Aliwaza kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa sasa: kazi moja, barabara moja, na nafasi hii katikati.

Marko aliendelea hivyo kwa dakika kadhaa. Kisha akaacha kupiga pedeli, baiskeli ikatembea yenyewe, umbali ukapungua. Hakugeuka. Lakini barabara ilipofika penye shimo kubwa lililochimbwa na malori, alishusha mkono wa kushoto na kulionyesha kwa kidole, vile mwendesha baiskeli anavyomwonya mwenzake aliye nyuma.

Imakulata alilikwepa shimo, akakanyaga pedeli.